Sura ya 6: Shombo Lisilotoka kwa Sabuni

"Naoga asubuhi, naoga jioni, najiosha mpaka ndani. Mbona harufu haiishi?"

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Kwanza anaulizwa shoga, kisha somo, na muuguzi huwa wa mwisho, pengine baada ya miezi ya kujificha. Linaulizwa Mtwara, Tanga, Unguja na Mombasa. Katika sura hii nitalipeleka Quiterajo, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya wilaya ya Macomia, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kwa sababu pale lina uzito wa pekee. Wamwani wa pwani hiyo wanaishi na samaki. Wanaume huvua, wanawake hupaa magamba, hupasua, hutia chumvi, huanika na kuuza. Shombo ni harufu ya kazi, wala hakuna anayeionea haya. Lakini mwanamke akiisikia harufu hiyo hiyo kwenye nguo yake ya ndani, au mumewe akimgeuzia mgongo usiku, moyo humfa ganzi. Anajiona mchafu, na anayejiona mchafu hukimbilia sabuni.

Nianze na jibu, ili asiyepata nafasi ya kusoma sura nzima aondoke nalo. Harufu hiyo si uchafu. Mara nyingi ni dalili ya hali iitwayo vajinosisi ya bakteria. Ina dawa, dawa yenyewe ni ya bei nafuu, na kujiosha ndani kunaizidisha.

Kinachotokea ndani

Uke wa mwanamke mzima una bakteria siku zote, yaani viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Wengi wao ni walinzi. Walinzi wakuu huitwa laktobasili: hula sukari inayotoka kwenye kuta za uke na kutoa asidi, ile ile inayoufanya mtindi uwe mchachu. Uchachu hupimwa kwa namba iitwayo pH. Namba ikishuka, uchachu umezidi. Uke wenye afya huwa kati ya 3.8 na 4.5, na humo bakteria wengi waletao maradhi hushindwa kuzaliana.

Laktobasili wakipungua, uchachu nao hupungua. Hapo bakteria wengine ambao walikuwamo kwa uchache, hasa aitwaye gadinerela na wenzake wapendao mahali pasipo hewa, huzaliana kupita kiasi. Hiyo ndiyo vajinosisi ya bakteria. Madaktari wawili wa Houston, Marekani, Herman Gardner na Charles Dukes, walipoieleza mwaka 1955 waliamini wamempata bakteria mmoja anayesababisha yote. Leo tunajua ni kundi zima linalofanya kazi pamoja, na ndiyo sababu mojawapo ya hali hii kuwa na tabia ya kurudi.

Si jambo la wachache. Duniani, karibu mwanamke mmoja kati ya wanne walio katika umri wa kuzaa anayo, na kwa upande wetu wa mashariki na kusini mwa Afrika kiwango ni kikubwa zaidi. Nusu yao au zaidi hawaoni dalili yoyote.

Swali linalofuata kila mara ni kama huu ni ugonjwa wa zinaa. Tendo la ndoa linahusika, maana hali hii ni nadra kwa ambaye hajawahi kukutana na mwanamume, na huongezeka mtu anapopata mwenzi mpya. Hata hivyo humpata pia mke wa mume mmoja katika ndoa iliyotulia. Kitanzi cha shaba kinachowekwa kwa uzazi wa mpango nacho huongeza uwezekano wake. Kwa hiyo nasema wazi: harufu hii si ushahidi wa uzinzi. Mume asiitumie kumwacha mkewe, wala mke asiitumie kumhukumu mumewe.

Limau, sabuni na shombo

Bakteria hawa wanapojilisha hutoa kemikali ziitwazo amini. Mojawapo ni trimethilamini, na hiyo ndiyo hasa inayompa samaki aliyelala harufu yake. Mwanamke anayesema ananuka shombo hatii chumvi. Kitu ni kile kile. Kimetengenezwa tu na bakteria mahali pengine.

Wanawake wa pwani wanaifahamu kemikali hii kwa mikono yao. Ukimaliza kupaa samaki unasugua vidole kwa limau na shombo linakatika. Asidi ya limau huikamata ile amini ikashindwa kuruka hewani, na pua haiisikii tena. Sabuni ya kipande ina tabia ya magadi, iliyo kinyume cha asidi, na penye magadi amini hufunguka ikaruka. Ndiyo maana mikono iliyooshwa kwa sabuni tupu mara nyingi hubaki na shombo, na aliyezoea kazi hii hatosheki mpaka apate limau.

Ukilishika hilo, mambo mengi ya hali hii yanaeleweka. Shahawa zina tabia ya magadi, kwa hiyo harufu hupanda mara baada ya tendo la ndoa. Damu ya hedhi si chachu, kwa hiyo harufu huzidi siku za hedhi. Mwanamke aliyekuwa akijiuliza kwa nini harufu humwaibisha usiku ule ule anaotaka kuwa karibu na mumewe, sababu ndiyo hiyo, na haina uhusiano na alivyooga.

Sasa anakuja na limau. Kwa kuwa limau lilimsaidia mikononi, anakamulia kwenye maji na kujiosha ndani, na kwa saa chache harufu inakata kweli. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu njia hii haikosi kuonyesha matokeo. Lakini ngozi ya kiganja ni nene na kavu, na kuta za uke ni laini na zenye unyevu. Limau ni kali mara nyingi kuliko uchachu wa asili wa uke, na huzichubua. Bakteria waliotoa harufu hubaki, maana wamejishikiza kwenye kuta kama utando. Wanaosombwa ni laktobasili. Baada ya siku chache harufu inarudi na nguvu zaidi, naye anaongeza limau, au anahamia kwenye maji ya chumvi, shabu, siki, sabuni ya unga, hata dawa ya kuulia wadudu iliyochanganywa na maji. Kila mara anaondoa walinzi na kuwaacha wavamizi.

Kuna utafiti uliofanyika kwetu kuhusu jambo hili. Kuanzia mwaka 1993 watafiti mjini Mombasa waliwafuata wanawake wengi kwa miaka 10, wakiwapima na kuwauliza namna wanavyojiosha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliokuwa wakijiosha ndani waliambukizwa virusi vya UKIMWI, yaani VVU, zaidi kuliko wasiojiosha ndani, na waliotumia sabuni walikuwa katika hatari zaidi ya waliotumia maji matupu.

Somo alifunza nini?

Najua ninapokanyaga. Katika jamii nyingi za kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, msichana hufundishwa usafi wa mwili unyagoni au na somo wake, na wengine huambiwa waingize kidole wajisafishe mpaka ndani. Mafundisho hayo yalitolewa kwa mapenzi na watu waliotaka binti yao aheshimike kwa mumewe. Yapo mengine ya namna hiyo: Shirika la Afya Duniani lilipochunguza desturi hizi katika nchi nne, Msumbiji ikiwa mojawapo kupitia jimbo lake la magharibi la Tete, lilikuta wanawake wanaotumia dawa za unga na za majani ili kubana na kukausha uke. Simtupii lawama somo yeyote. Ninachomwomba ni kuliondoa fundisho moja hili na kuyaacha mengine yalipo, kwa sababu akilibadilisha yeye, wasichana watalisikiliza kuliko likitoka kwa daktari.

Wapo wanaohofia ibada. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mwanamke anayestanji huosha kinachoonekana anapochuchumaa. Kuingiza kidole ndani si sharti. Ute mwembamba usio na harufu kali ambao mwanamke huuona siku za kawaida ndio njia ya uke kujisafisha, na mwenye wasiwasi kuhusu udhu amwulize mwalimu wake wa dini.

Kuosha kwenyewe kuwe hivi: maji safi, mkono, nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma. Sabuni laini inatosha kwa mapaja na kinena. Udi na marashi ni vya nguo na nywele.

Nitaijuaje?

Kosa la kawaida ni kuita kila kitu fangasi na kununua dawa ya fangasi. Tofauti zipo, na nyingi mwanamke anaweza kuziona mwenyewe:

- Vajinosisi ya bakteria: ute mwembamba, mweupe wa kijivujivu, unaopaka sawasawa, shombo linalozidi baada ya tendo la ndoa, muwasho mdogo au hakuna.
- Fangasi: ute mzito, mweupe, wa mabonge, muwasho mkali, wekundu, kuungua wakati wa kukojoa, harufu ya shombo haipo.
- Trikomonasi, ambao ni ugonjwa wa zinaa: ute wa manjano au kijani, pengine wenye povu, muwasho na maumivu, harufu mbaya. Hapa mwenzi lazima atibiwe.

Ukiona homa, maumivu chini ya kitovu, damu isiyo ya hedhi au vidonda, usikae nyumbani ukilinganisha orodha. Nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Kituoni kuna vipimo rahisi. Tangu mwaka 1983 wataalamu hutumia dalili nne zilizopangwa na daktari Richard Amsel na wenzake, na zikipatikana tatu jibu limepatikana. Ya kwanza ni ule ute mwembamba. Ya pili ni pH iliyozidi 4.5, inayosomwa kwenye kipande cha karatasi kinachobadilika rangi kikiguswa na ute. Kwa kipimo cha tatu, muuguzi huweka ute kidogo kwenye kioo chembamba, akadondoshea tone moja la maji makali ya potasi, ambayo yana tabia ya magadi. Kama hali hii ipo, shombo hupanda papo hapo, na aliye karibu hulisikia. Ni jambo lile lile la sabuni na shahawa, safari hii likifanywa makusudi. Cha nne kinahitaji hadubini: chembe za ukuta wa uke zinaonekana zimefunikwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani.

Pasipo karatasi, potasi wala hadubini, muuguzi hutibu kwa kufuata dalili. Vituo vingi vya Msumbiji na Tanzania hufanya hivyo, na si uzembe: dawa kuu ya vajinosisi huitibu pia trikomonasi. Pamoja na hayo, omba kupimwa VVU na kaswende, kwa sababu mtu anaweza kuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa ufupi kabla ya kuendelea: shombo hutokana na bakteria waliozidi, si na kutokuoga. Limau huficha harufu na kuharibu ulinzi. Dalili za fangasi ni nyingine, na dawa yake ni nyingine.

Dawa

Dawa kuu ni metronidazo, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Flagyl. Ya kumeza hutolewa miligramu 400 hadi 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Kidonge cha miligramu 250 ni viwili kila mara; cha miligramu 200 pia ni viwili. Ipo dozi ya mara moja ya gramu 2, nayo hutumika pale inapoonekana mtu hatamaliza wiki, ila nguvu yake dhidi ya hali hii ni ndogo zaidi. Kwa kawaida harufu huisha ndani ya siku chache, na hapo ndipo wengi huacha vidonge, wakaviweka vingine akiba au kumgawia jirani. Mwili unahitaji siku zote 7.

Inatia ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu kwa baadhi ya watu, na mkojo unaweza kuwa wa rangi nzito. Kumeza baada ya chakula kunasaidia. Katika Ramadhani dozi hii inaingia vizuri, moja baada ya futari na moja kwenye daku. Dawa za kupaka ndani, kama jeli ya metronidazo kwa usiku 5 au krimu ya klindamisini kwa usiku 7, zipo zaidi mijini. Anayetumia hiyo krimu ajue kwamba mafuta yake hudhoofisha kondomu. Kwa asiyepatana na metronidazo, vidonge vya klindamisini vya miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 7 hufanya kazi. Vidonge vingine vya rangi mbili vinavyonunuliwa dukani bila kuandikiwa si dawa ya hali hii.

Mjamzito mwenye dalili anatibiwa, na metronidazo inaruhusiwa kwake. Hali hii ikiachwa katika mimba huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, kwa hiyo aiseme kliniki hata kama hajaulizwa. Anayenyonyesha anaweza kuitumia dozi hii huku akiendelea kunyonyesha.

Ubaya wa kuipuuza unaonekana zaidi kwenye VVU. Tafiti nyingi zilipochambuliwa pamoja mwaka 2008, ilionekana kwamba mwanamke mwenye vajinosisi ya bakteria ana hatari ya kuambukizwa VVU iliyozidi kwa takribani asilimia 60. Kwa wanandoa wa Kiafrika ambao mke tayari anaishi na VVU, utafiti wa mwaka 2012 ulikuta uwezekano wa mume kuambukizwa ukizidi mara tatu mke anapokuwa na hali hii. Nchini Msumbiji, utafiti wa taifa wa mwaka 2021 ulikuta VVU kwa asilimia 12.5 ya watu wazima. Katika nchi yenye kiwango hicho, wiki moja ya vidonge si jambo la urembo.

Kituo kikiwa mbali

Watu wa Quiterajo wamepitia mengi. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Macomia tarehe 25 Aprili 2019. Kabla yake, vita vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, vikasambaa pwani yote. Vijiji vilichomwa na vituo vingi vya afya vya kaskazini mwa jimbo vikaharibiwa au kufungwa. Mwezi Oktoba 2020 maelfu walifika kwa majahazi ufukweni Paquitequete, mjini Pemba. Wengine wakaishia kwenye kambi za Metuge. Kambini maji hupangiwa foleni na choo ni cha wengi. Mwanamke mwenye shombo chini ya turubai moja na wakwe zake anateseka kuliko aliye na chumba chake.

Kwa aliye katika hali hiyo, au aliyerudi kijijini na kukuta kituo hakina dawa, la kwanza halihitaji fedha: aache kuosha ndani. Kwa baadhi ya wanawake walinzi hurudi wenyewe. La pili, timu za afya zinazotembea zikifika, aseme maneno haya tu: "Natokwa na ute wenye shombo, sina muwasho." Muuguzi ataelewa. Kama aliyepo ni mwanamume na haya zinamzuia, aombe kusema na mkunga. Hiyo ni haki yake. Metronidazo ni dawa ya kawaida inayotibu pia amiba, na hata sanduku dogo la dawa mara nyingi huwa nayo.

Mbona inarudi, na mume ana nafasi gani?

Zaidi ya nusu ya wanaopona huiona tena ndani ya mwaka mmoja. Hilo huwavunja moyo wengi, wakadhani dawa ni bandia au wamelogwa. Kwa muda mrefu madaktari waliwaambia wanawake kwamba mume hana haja ya kutibiwa, kwa sababu majaribio ya kuwapa wanaume vidonge peke yake hayakuleta nafuu.

Mwezi Machi 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha jambo jipya. Walichukua wanandoa 164 ambao mke alikuwa na hali hii. Kwa kundi moja, mume naye alipewa metronidazo ya kumeza mara mbili kwa siku kwa siku 7, pamoja na krimu ya klindamisini ya kupaka kwenye uume mara mbili kwa siku kwa siku hizo hizo. Katika kundi la pili alitibiwa mke tu. Ndani ya wiki 12 hali ilirudi kwa asilimia 35 ya kundi la kwanza na asilimia 63 ya kundi la pili. Tofauti ilikuwa kubwa hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati. Mwanamume hana dalili, lakini bakteria hao hukaa kwenye ngozi ya uume na kwenye njia ya mkojo, na humrudishia mkewe.

Uganda ilishaonyesha dokezo mapema. Huko Rakai, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta wake wa wanaume waliotahiriwa walikuwa na vajinosisi ya bakteria kwa kiwango kidogo kuliko wake wa wasiotahiriwa. Kwa Wamwani, ambao huwapeleka wavulana jandoni, kinga hiyo ipo tayari, ingawa si kamili, na haiondoi haja ya tiba.

Kwa maoni yangu, pale hali inaporudi, mume aende kituoni pamoja na mkewe. Kama ana wake wawili, wote waulizwe dalili zao. Krimu ya klindamisini ikikosekana, watumie kondomu kwa siku zote za matibabu, na hata baadaye, kwani kondomu hupunguza kurudi kwa hali hii. Mke anayeogopa kuanza mazungumzo nyumbani anaweza kumwomba muuguzi amwite mume na kumweleza yeye. Maneno yale yale yakitoka kwa aliyevaa koti jeupe mara nyingi hayaleti ugomvi.

Inaporudi mara ya tatu ndani ya mwaka, asinunue tena vidonge vile vile dukani. Apimwe upya kwanza, maana mara nyingine kinachorudi ni trikomonasi au fangasi iliyofuata baada ya dawa. Ikithibitika ni vajinosisi, aulize kuhusu tiba ya muda mrefu: baada ya dozi ya kawaida, jeli ya metronidazo hutumika mara mbili kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi. Kama haipo wilayani, muuguzi amwandikie rufaa ya kwenda hospitali ya jimbo mjini Pemba, na kwenye karatasi iandikwe dozi alizokwisha kutumia na tarehe zake.